Pompa Iliyotoka Luberizi

Mume wangu Philémon ni fundi wa kuchomea milango ya chuma hapa Cimpunda, mtaa wa Bukavu. Mikono yake ina alama za moto mpaka kwenye viwiko. Akiwa na neno la kusema, hulisema ameinamia kazi, hakutazami. Nimezaa naye watoto wanne, lakini mtaani watu wanamjua zaidi kwa sababu ya gari lake.

Alilijenga mwenyewe nyuma ya nyumba, tangu binti yetu Gloire akiwa bado shule ya msingi. Shasi aliitoa kwenye gari kuukuu lililotupwa katika shamba la chai. Mwili aliupiga kwa nyundo kutoka kwenye mapipa ya mafuta, akaupinda mpaka ukafanana na magari ya zamani aliyoyaona utotoni, yenye pua ndefu na mabawa juu ya magurudumu. Watoto waliliita Muzee. Lilitembea vizuri. Kusimama ndiyo ilikuwa shida.

Vipira vya ndani ya pompa ya freni, ile inayosukuma mafuta ya breki, vilikuwa vimekwisha, na vya aina hiyo havipatikani tena Bukavu. Philémon alikata vingine kwenye mpira wa tairi, lakini mafuta ya freni yalivila, vilivimba, vikalegea. Kila alipotengeneza, mimi ndiye niliyekaa kwenye kiti cha dereva na kukanyaga, naye akilala chini kutoa hewa kwenye mabomba.

"Kanyaga! Shikilia! Achilia!"

Ndivyo mguu wangu ulivyoijua pompa ile. Pedali ilikaza kwanza, halafu ikazama taratibu kama mtu anayeingia kwenye matope.

Gloire alipochumbiwa, Philémon alitangaza kwamba mtoto wake atashuka kanisani ndani ya Muzee. Nikaufikiria mteremko wetu, na watoto wanaocheza katikati ya njia, usingizi ukanitoka. Nikapanda gari kwenda Luberizi kwa kaka yangu Théodore, mkulima wa mpunga. Kwake kuna gari la aina ileile lililokufa zamani. Kuku wanatagia ndani. Pompa yake ilikuwa nzima, na Théodore aliitunza kwa sababu bado alitumaini kulifufua gari lake. Nilimwomba. Akaifungua kwa mikono yake, akaizungushia gunia.

"Hii ni ya Gloire," akaniambia. "Kwa bwana yako singetoa hata musumari."

Philémon aliifunga, nami nikakanyaga. Pedali ikasimama ngumu kama jiwe. Machozi yakanitoka.

"Maman Gloire, unalilia chuma?" akanicheka.

Juma la arusi, rafiki yake Gracien alikuja nyumbani. Gracien anapeleka mizigo Kamituga, kwa gari linalotumia vipuri vya aina moja na la kwetu. Alibeba taa mbili kubwa za mbele, za mviringo, zinang'aa. "Zawadi ya arusi," Philémon akanieleza. Nikampikia mgeni fufu na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, nikamwongezea mara mbili.

"Shemeji, mukono yako iko na baraka," akasema Gracien huku akilamba vidole.

Asubuhi ya arusi, gari lilifungwa maua na wageni wakajaa kichochoroni. Philémon, ndani ya koti jipya, alikuwa akifuta taa zile kwa kitambaa. Mimi, kwa wasiwasi wangu tu, nikaingia ndani nikakanyaga.

Ikakaza. Halafu ikazama.

Nikarudia. Ikazama tena.

"Papa Gloire, pompa ya Théodore iko wapi?"

"Sauti ndogo. Watu wanasikia."

"Iko wapi?"

Aliendelea kufuta. "Gracien alikuwa na safari ya Kamituga. Na mataa ingetoka wapi? Ile ya zamani uliiona, moja imepasuka, ingine imefungwa na waya. Nipeleke mutoto wangu na gari kipofu?"

"Tunaenda muchana, Papa Gloire!"

"Nitashuka na gia ya kwanza, polepole. Weye, hata kivuli ya mwewe inakutisha."

Basi hakuna aliyemdanganya. Alizishika mwenyewe pompa na taa, akachagua. Na mimi nilimlisha Gracien, pompa yetu ikiwa tayari ndani ya gari lake.

Gloire akatoka, amevaa nyeupe kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Maman, leo usianze."

"Maman Gloire anaogopa hata baiskeli!" mwanamke mmoja akapaza sauti, wakacheka.

Ningeweza kunyamaza. Siku ya arusi mtu hafunui mambo ya nyumba yake. Lakini Théodore alikuwa amekaa mlangoni, amevaa suti, akingojea kuona pompa yake ikimbeba mpwa wake.

"Yaya," nikamwambia kaka yangu, na wote wakasikia, "pompa yako haiko humu. Wamebadilishana na mataa."

Théodore hakugomba. Aliingia garini, akakanyaga, akasubiri kidogo, akatoka.

"Vua viatu, mama," akamwambia Gloire. "Tunashuka na miguu."

Gloire akamgeukia baba yake. "Papa, ni ya kweli?"

"Nilitaka uonekane muzuri," akasema Philémon, na safari hii alimtazama usoni.

Gloire akavua viatu. Wanawake wakalishika gauni lake pande zote lisiguse matope, mmoja akaanzisha wimbo, wengine wakaitikia. Mjomba wake akamshika mkono mteremko wote, akampeleka mpaka mbele ya altare.

Philémon alibaki na gari. Aliingia kanisani misa imeshaanza, shingo imelowa jasho, akaja moja kwa moja kwenye benchi la wazazi. Pembeni yangu nilikuwa nimeweka mkoba wangu. Akasimama pale akingojea niutoe. Watu wa nyuma walikuwa wanaona, nami nilijua wanaona. Niliendelea kumtazama mtoto wangu.

Akaenda kukaa karibu na mlango.