Kizimba cha Zaplatka Hakifagiwi

Tangu nimjue, Glafira Pakhomovna alikuwa mtu wa kuchoka. Miguu imevimba, mgongo unauma, na kila asubuhi apandishe ndoo mbili za maji hadi ghorofa ya tatu. Yeye mfagizi, mimi mpishi wa mbwa, kwenye maabara moja ya Moscow iliyofundisha mbwa wa mitaani kutulia ndani ya sanduku ili warushwe angani kwa roketi. Tulikatazwa kuwapenda. Thubutu! Zaplatka, jike dogo jeupe lenye kiraka cheusi jichoni, alimwingia Glafira moyoni, basi.

Siku Zaplatka alipopelekwa kurushwa, Glafira aliuegemeza ufagio ukutani. Msafiri hajafika, hufagii alipotoka. Ukifagia umemfutia njia ya kurudi. Nani asiyejua hilo? Lakini siku zikapita, manyoya na makombo yakajaa kizimbani, nami nikachoka kuyakanyaga.

"Shangazi Glasha," nikamwambia, maana ndivyo sote tulivyomwita Glafira, "humo sasa hata nguruwe atakataa kulala."

"Akatae. Kwani nani kamwalika?"

Siku ya tisa redio ikatangaza: mbwa yuko juu, anaizunguka dunia, moyo unapiga. Tulipiga makofi mpaka viganja vikauma. Glafira akanifinya mkono. "Umeona? Nawe ulitaka nifagie!"

Wiki iliyofuata akarudi Arseny Lvovich, daktari kijana aliyemfunga Zaplatka mikanda kwa mikono yake. Macho mekundu, ndevu hazijanyolewa.

"Shangazi Glasha, kesho analetwa mbwa mwingine. Kizimba kile kifagiwe."

"Kitafagiwa mwenyewe akirudi."

"Fagia tu, shangazi."

"Sifagii! Mwaka wa arobaini na moja, mume wangu akienda vitani, nilifagia nyumba hajafika hata stesheni. Sikumwona tena. Kosa hilo silirudii, hata mkinifukuza kazi."

Daktari akavua kofia.

"Harudi," akasema. "Chombo kile hakikutengenezwa kushuka."

"Mlijua lini?" Glafira akauliza.

"Tangu mwanzo."

Wallahi nilitaka kumzaba kofi. Halafu nikajionea haya, maana nami nilimpikia yule mbwa miezi minane, na hata siku moja sikuuliza atashukaje. Labda sikutaka kujibiwa.

Glafira hakulia. Aliinama polepole, akauchukua ufagio, akamtia daktari mkononi.

"Basi fagia wewe. Mimi nilikuwa namsubiri."

Akafagia, daktari mzima na koti lake jeupe. Vibaya, anasukuma manyoya huku na huku. Glafira akaipindua ndoo, akakaa juu yake, akanyoosha miguu yake iliyovimba. Alimtazama hivyo mpaka mwisho.

Daktari alipodhani amemaliza, Glafira akamwonyesha kwa kidole.

"Na pembeni kule, mwanangu. Alipenda kulala pale."