Mufupa ya Kingereza

Hii hadithi inanifanya nionekane mujinga, na sitajitetea. Miaka mingi nimeisimulia vingine: mimi ndiye mwerevu, wengine wote wako wajinga, na watu wanacheka mpaka machozi inatoka. Leo nitaisema vile ilikuwa.

Kitu inanirudisha kule ni harufu. Hapa Bwera, nyuma ya pale wanachinja ng'ombe, kuna rundo ya mifupa inakauka na jua. Haisikiki kuoza, kuoza ilishaisha. Inasikika kama kucha ikiungua, na vumbi kidogo, na mafuta ya zamani. Nikipita pale na piki, abiria wangu anaziba pua. Mimi ni shingo inaniwasha.

Sababu mufupa kama ile nimeivaa. Taya ya ng'ombe, ikiwa bado na meno mbili, imefungwa kamba ya katani. Skuli yetu tuliiita diski. Zamani ilikuwa kweli kibao ya mviringo, ikapasuka, na deputi, naibu wa mwalimu mukuu, akaenda kwa muchinjaji akaleta taya. Jina ikabaki. Sheria ilikuwa hivi: ukitoa neno moja ya Lhukonzo, lugha yetu ya nyumbani, ao Kiswahili ndani ya kompaundi ya skuli, unavalishwa. Unakaa nayo mpaka usikie mwingine ameteleza, basi unamuvalisha yeye. Yule inamukuta nayo kengele ya mwisho ya Ijumaa anaivaa mpaka nyumbani, na prifekti, yaani kiranja, anamufuata nyuma ahakikishe hajaivua. Na Ijumaa, kama unajua Bwera, ni siku ya soko. Njia ya kwetu inapasua soko katikati. Yaani mufupa shingoni, na Bwera nzima, na watu wa ng'ambo ya Lhubiriha, ule muto wa mupaka, juu yake, wanakuangalia kama mbuzi ya kuuza.

Kitu hiyo nilikuwa naichukia kuliko fimbo. Fimbo inaisha.

Lakini nilikuwa fundi ya kuiondoa. Nilitembea na siafu ndani ya kibiriti. Ukiwa na diski, unamusogelea mutu pole pole, unamuachilia siafu moja kwa kola ya shati, unangojea. Mutu akiumwa na siafu halii kwa Kingereza. Walinilaani kwa kila lugha, na mimi navalisha tu, naenda zangu.

Na hiyo Kingereza yenyewe, tuambiane ukweli. Ilikuwa Kingereza gani? Deputi alikuwa anaipitisha kwa pua, polepole, kama mutu anabeba mayai. Siku moja muzungu alikuja kutembelea skuli. Deputi akamukaribisha, akasema dakika kumi, jasho inatiririka. Muzungu akatabasamu, akamuuliza mwalimu wa kike pembeni kama huyu bwana anajua Kingereza. Na yeye muzungu alipoongea, hakuna mutu alisikia hata neno, deputi akawa anaitikia kila kitu "yes." Ndiyo lugha hiyo tulivalishwa mifupa juu yake. Wale wawili walikuwa nayo wote, na hawakusikilizana. Hakuna aliwavalisha.

Sasa, ile wiki nilikamatwa na mudomo yangu mwenyewe. Alhamisi nilikuwa naigiza deputi mbele ya watoto, na deputi hana ladha ukimuigiza kwa Kingereza, basi nikamuigiza kwa Lhukonzo. Nikageuka, prifekti Masika huyu hapa na taya mukononi. Masika alikuwa musichana mukubwa, mabega kama ya mubeba magunia, na siafu yangu ilishamuuma mara mbili. Alinifunga kamba kwa raha kabisa.

Ijumaa nzima niliwinda. Bure. Watu walishajua kibiriti. Nikisogea, wanaegemeza mugongo kwa ukuta. Wenye hawajui Kingereza walinyamaza, na hiyo ilikuwa karibu skuli yote. Watoto mia tatu kimya, ungesema misa ya wafu. Saa tisa ilipofika nilikuwa nimebaki na dakika chache, na kwa akili yangu nilishaona soko, nimeona wauza nyanya wakiita wenzao.

Ndipo mama yangu akatokea kwa geti.

Mama alizaliwa Butembo, ng'ambo ya mupaka, akaolewa huku. Alikuwa anauza sokoni samaki ya kutoka Kahendero, kule ziwani, na mutu wa kumusaidia siku hiyo alikuwa mugonjwa. Yeye hakujua mambo ya kompaundi. Alisimama katikati ya uwanja, kitunga kichwani, akapaza sauti yake ya sokoni:

"Bwambale! Weye Bwambale! Kuya unisaidie, samaki iko naoza na jua!"

Halafu mutoto mumoja akasema kwa Kingereza: "She has spoken!" Na wote wakashika: "Give her! Give her!"

Masika akaniangalia. "Well, Bwambale? Ama unaogopa?" Hiyo ya mwisho ilimutoka kwa Kiswahili, na nilisikia, na kama ningekuwa na akili ningemuvalisha yeye papo hapo. Lakini macho yangu ilikuwa kwa deputi. Alikuwa kwa mulango ya ofisi, mikono nyuma. Nilingoja aseme hapana. Alicheka. "Rule is rule," akasema.

Na mimi, ndugu zangu, nikiona watu mia tatu wako tayari kucheka, ni vigumu kuwanyima. Nikavua taya. Nikaenda kwa mama nikitembea kama deputi, kifua mbele. Nikainama kama muzungu. Nilikuwa mufupi, sikufika shingo yake. Akanitazama uso, si mufupa. Akashusha kitunga chini. Akainamisha kichwa.

Nikamuvalisha mama yangu.

Kelele ile sijaisikia tena mahali. Kengele ikalia ndani yake, na hakuna hata aliisikia.

Yeye alinipa kitunga, tukatoka. Masika akatufuata mpaka geti tu; hapo akasimama, akaangalia viatu vyake, akarudi. Kwa hiyo hakuna mutu alikuwa anatulinda. Mama angeweza kuivua. Hakuivua. Tukaingia sokoni hivyo hivyo.

Dereva wa boda akapiga honi: "Eh mama! Umesema Lhukonzo? Utachapwa!" Wenzake wakagonga tangi za piki kwa kicheko. Muuza nyanya mwenye alifika P7, darasa ya saba, na hakuna siku alikuacha usahau, akamuuliza kwa Kingereza kama amefanya homework. Mama aliwasalimia wote. Huyu kwa Lhukonzo, huyu kwa Kiswahili, wafanyabiashara wa Beni kwa Kifaransa, bonjour papa, bonjour mama, na taya inagonga kifua. Yule mwanamuke alikuwa na lugha tatu soko nzima, na sisi tulimuvalisha mufupa juu amekosa ya nne.

Na mimi nilikuwa wapi? Nyuma. Hatua ishirini nyuma, kitunga kichwani, uso nimeuficha na ukingo wake. Mutu mumoja aliniuliza, "Huyo si mama yako?" Nikajibu kwa Kingereza kwamba sijui.

Nyumbani akaivua, akaitundika kwa musumari wa jiko, akapika. Jumatatu nikairudisha. Nilijiambia hakuelewa, kule kwao hawana vitu kama hivyo, labda alifikiri ni zawadi ya skuli. Na kwa kuwa hakuelewa, basi hakuna mutu aliumia, na hadithi ni yangu, naweza kuichekesha.

Nimeichekesha sana. Kwa stegi ya boda, kwa matanga, kwa harusi. Nimeacha skuli P7, Kingereza yangu leo ni ya kuuliza muzungu anaenda wapi na kumwambia tumefika. Hiyo tu ndiyo nilipata kwa shingo ya mama yangu.

Krismasi iliyopita binamu zangu walivuka kutoka Beni, na nikaisimulia tena, nikasimama kabisa, nikatembea kama deputi. Walicheka, mumoja akamwaga bia. Mama alikuwa anakusanya sahani. Nilimufuata nje kumusaidia kuosha, bado nacheka. Aliosha sahani mbili. Halafu, bila kuniangalia:

"Na sisi tulikuwaga nayo kule Butembo, papa. Ya kwetu ilikuwa ya Kifaransa. Niliivaa miaka mbili, ndiyo sababu niliachaga masomo. Niliijua mbele hata uivue kwa shingo yako."

Nikauliza, kama ni hivyo kwa nini hakuitupa kwa njia.

"Nilikuwa nangojea mutoto wangu aje anivue. Nilitembea polepole. Nikasimama kwa kila mutu, hata wenye siwajui, ili unifikie."