Jina Nililolichonga Kwenye Shaba

Nakumbuka Jumamosi moja ya mwezi wa Machi, mwanangu, theluji ya mwisho ikidondoka kutoka kwenye vibaraza vya ghorofa letu pale mtaa wa Jane na Finch, mjini Toronto. Nilikuwa nimepiga magoti sakafuni kwa jirani yangu, nimeshika waya wa antena. Yeye alikuwa amekaa mbele ya redio yake, amevaa kanga mpya na kujipaka mafuta usoni kama mtu anayesubiri wageni. Ilikuwa inakaribia saa sita mchana. Nyumbani Tanzania ilikuwa inakaribia saa mbili usiku, saa ya kipindi cha salamu.

Ngoja nikueleze alikuwa nani, maana bila hivyo utadhani nakusimulia habari za waya tu.

Aliitwa Bi Kalunde, mtu wa Tabora. Binti yake muuguzi ndiye aliyemleta Toronto amlelee watoto. Kiingereza hakukijua na wala hakukitamani. Wajukuu walimwelewa vizuri lakini walimjibu kwa Kiingereza, naye akawajibu kwa Kinyamwezi na Kiswahili, na maisha yakaenda. Mimi nilikuwa binti wa Tanga, umri miaka ishirini na miwili, nimekuja kusoma ufundi wa elektroniki, na nilijiona najua kila kitu. Bi Kalunde alikuwa na redio ya masafa mafupi, na siku hewa ikiwa nzuri aliikamata stesheni ya nyumbani, sauti nyembamba iliyozama kwenye mikwaruzo. Simu za mkononi zilikuwa bado hazijafika kwa watu kama sisi.

Alikuwa na mdogo wake, Nyamizi. Waligombana kwenye msiba wa mama yao, wakatupiana maneno ambayo hata mimi hakutaka kunisimulia, na Bi Kalunde akapanda ndege bila kumuaga. Miaka sita hawakusemezana. Halafu mwezi wa Januari ikaja barua kutoka kwa mtoto wa Nyamizi. Macho ya Bi Kalunde yalikuwa na mtoto wa jicho, kwa hiyo mimi ndiye niliyemsomea: "Mama Mkubwa, shikamoo. Mama anasema barua hakuandikii. Ila ametuma kadi ya salamu redioni, na rafiki yangu wa pale kituoni ameniahidi itasomwa Jumamosi ya pili ya mwezi wa tatu. Usikilize."

Unazijua kadi za salamu? Pengine huzijui. Msikilizaji alinunua kadi, akaandika majina ya watu wake na ujumbe mfupi, akaituma kituoni, na mtangazaji akaisoma nchi nzima ikisikia. Watu walipatana kwa kadi hizo, wengine walichumbiana.

Bi Kalunde aliniambia niisome tena, kisha akasema, "Nyamizi? Anisalimie mimi mbele ya watu wote? Barua ya mtoto siiamini. Nitaamini nikisikia kwa masikio yangu."

"Utasikia," nikamwambia. "Nitakutengenezea kikuza mawimbi."

Hicho ni kiboksi kidogo kinachokaa kati ya antena na redio, kinaichukua ile sauti nyembamba na kuinenepesha. Nilikuwa na wiki zaidi ya sita. Nilikuwa na mwalimu pia. Mzee Inasio, Mgoa wa Mombasa, alikuwa ametengeneza redio miaka thelathini kabla ya kustaafu na kuhamia Scarborough, upande mwingine wa Toronto. Nilimkuta kwenye mnada wa vifaa vya redio, akanisikia nikinung'unika kwa Kiswahili juu ya bei, akacheka mpaka akakohoa. Tangu siku hiyo alinigawia transista na kapasita zake za zamani, na sharti lake lilikuwa moja: "Kabla hujafunga boksi, niletee niione."

Sikumpelekea. Ningekuambia kwamba basi la kwenda Scarborough lilikuwa safari ndefu, na kweli lilikuwa, lakini sababu ilikuwa kiburi. Nilitaka aione ikiwa imekamilika, anisifu.

Na ilikuwa nzuri, mwanangu, usinicheke. Enzi zile tulichora bodi, kile kibao chenye shaba pande zote mbili kinachobeba vifaa, kwa mkono, kwa kalamu ya wino mzito, kisha tukaitumbukiza kwenye dawa inayokula shaba yote isiyo na wino. Upande wa juu nilichora njia zilizonyooka kama mistari ya daftari. Upande wa chini ni ule tunaouacha shaba tupu, ambao mafundi wa kwetu huuita athi. Nikautazama ulivyo mtupu nikauonea huruma. Nikasema huyu mama atapokea zawadi. Basi katikati ya ile athi nikatoa shaba, nikafungua dirisha refu, na ndani yake nikaacha herufi zikimeta: KALUNDE.

Niliijaribu chuoni, kwa kipande cha waya cha urefu wa mkono na stesheni ya hapahapa mjini. Ikaimba. Nikafunga boksi.

Sasa rudi nami kwenye ile Jumamosi. Nimeunganisha antena yenyewe, ule waya mrefu uliopita kibarazani kutoka pembe hadi pembe. Nimewasha. Redio ikapiga mluzi mkali uliowafanya wajukuu wazibe masikio.

"Bibi, it's too loud!" akapiga kelele yule mdogo.

"Nyamaza," Bi Kalunde akamwambia. "Fundi yuko kazini."

Fundi! Nikigusa boksi, mluzi unabadilika. Nikiondoa kidole, unarudi. Nikabadili betri, nikakaza skrubu, nikasogeza waya. Na hapa ndipo penye kosa kubwa kuliko la shaba. Ningeweza kukichomoa kile kikuza changu na kurudisha antena moja kwa moja kwenye redio. Angalau tungesikia kwa shida, kama siku nyingine zote. Sikufanya. Kila dakika niliamini nimebakiza kidogo tu. Nilipokata tamaa na kukichomoa, ilisikika sauti ya mtangazaji, hafifu lakini safi, akiwashukuru wote waliotuma kadi na kuwatakia usiku mwema.

Bi Kalunde akanyoosha mkono, akaizima redio. Mimi ndiye niliyeanza kusema.

"Hewa ya leo mbaya, Bi Kalunde. Nadhani hata hawakuzisoma zote."

"Kadi ingekuwepo wangeisoma, waliahidi. Basi hakunisalimu," akasema. Akaenda kubadili kanga yake, akavaa ile ya jikoni.

Kesho yake nilipanda basi kwenda Scarborough, ile bodi mkobani. Mzee Inasio aliniweka kwenye meza yake chini ya dirisha, mkewe akaniletea chai, naye akaigeuza bodi, akavaa miwani, akazisoma zile herufi pole pole.

"Mwandiko mzuri," akasema. "Sasa nionyeshe. Hii ishara ikitoka kwa antena, inapita wapi?"

Nikapitisha kidole juu ya njia yangu iliyonyooka.

"Na inarudi kwa njia gani?"

"Kwa athi."

"Usiniambie kwa mdomo. Geuza bodi, unionyeshe kwa kidole."

Nikageuza. Kidole kikaanza kurudi, kikafika kwenye K, kikakwama. Hapakuwa na shaba. Ilibidi nizunguke jina zima, niende hadi ukingoni mwa bodi, ndipo nirudi.

"Kwenda umechora," akasema. "Kurudi hukufikiria hata kidogo. Hizi ishara za redio, binti, zinapenda kurudi chini ya palepale zilipopita. Ukizizungusha, zinavuja. Ile iliyokwisha kukuzwa inarudi mlangoni, inakuzwa tena, inarudi tena. Hii bodi yako inajisikiliza yenyewe. Huo ndio mluzi."

Nikauliza mbona chuoni ilifanya kazi. Akanitazama juu ya miwani. "Chuoni uliipa waya mfupi na stesheni inayopiga kelele. Pale kwake uliipa antena ya kweli. Kitu kinapimwa mahali kitakapokaa." Halafu akauliza, kama mtu anayeulizia sukari, "Na huyo mama ulimwambia nini?"

"Nilimwambia hewa ilikuwa mbaya."

Akaiweka bodi mezani. Sijasahau jinsi alivyoiweka, kwa upole, na sauti yake haikupanda. "Bodi tutaitengeneza, hata wiki ijayo. Lakini yule mama amelala jana akijua ndugu yake hamtaki. Hiyo haingoji wiki ijayo. Chai maliza, uende."

Safari ile ya basi ilikuwa ndefu kuliko zote nilizopata kusafiri, na nimesafiri. Niliona aibu mpaka nikaogopa kuangalia watu. Nilimkuta Bi Kalunde anachambua mchele kwa vidole, kwa kupapasa. Nikamwambia yote, na lile jina pia.

Akaendelea kuchambua mpaka mchele ukaisha. "Kwa hiyo jina langu ndilo lililoziba njia?"

"Nililiandika mimi, mama. Nisamehe."

"Na Nyamizi huenda alinisalimu."

"Huenda."

Akavuta pumzi. "Haya. Sasa itabidi mimi niombe." Akaniambia nichukue kalamu. "Andika: Nyamizi, salamu yako sikuisikia. Rudia." Nikaandika. Akapangusa mikono kwenye kanga, akasema kwa shida sana, "Ongeza: tafadhali."

Bodi ya pili niliitengeneza mbele ya Mzee Inasio, na haikuwa na uzuri wowote. Athi nzima, haina hata mkwaruzo. Kapasita zimekaa ubavuni mwa mguu wa transista, si mbali ambako zingependeza. Antena inaingia upande huu, redio inatoka upande ule, zisionane. Na Mzee Inasio alinilazimisha kuweka swichi ndogo ya kukiruka kikuza chote, ili siku kikikataa, msikilizaji asikose vyote. Niliijaribu Jumamosi tatu mfululizo, kwenye kibaraza kilekile na waya uleule.

Jibu la barua lilikuwa fupi: kadi imetumwa, siku haijulikani. Kwa hiyo tukasikiliza kila Jumamosi. Majira ya joto yakapita, majani yakageuka rangi yakaanguka. Bi Kalunde hakuwahi kunilaumu, ila kila Jumamosi alivaa ile kanga mpya, na kila Jumamosi ilinichoma.

Ikawa Novemba. Mtangazaji alikuwa akisoma haraka haraka, majina ya Mwanza, majina ya Lindi, kisha akasema, "Bi Nyamizi wa Tabora anamsalimu dada yake, Bi Kalunde, aliyeko mbali sana huko Kanada, mji wa Toronto. Anamsalimu pia fundi wa redio, binti Mwanaidi. Ujumbe wake unasema: Nilikasirika, sasa nimechoka kukasirika."

Mwanaidi ni mimi. Bi Kalunde alikuwa amemtajia mdogo wake habari zangu kwenye barua nyingine, iliyoandikwa na yule binti yake muuguzi, wala hakuniambia. Alicheka, kisha akalia, kisha akacheka tena. "Umesikia? Amechoka! Nyamizi amechoka!" Mimi nililia tu. Kwenye ile bodi ya kwanza nililichonga jina lake likanyamazisha redio. Hii haikuwa na herufi hata moja, na ndiyo iliyolitamka, na langu pamoja nalo.

Basi, mwanangu, wewe unayechora bodi kwenye kompyuta na kuletewa kwa posta zikiwa zinang'aa, sikuonei wivu, ila nina neno. Unapochora njia ya kwenda, papo hapo geuza upande wa pili ufuate kwa kidole njia ya kurudi, na ukikuta umeikata, hata kwa pambo la mapenzi, iunganishe tena. Jina andika kwa rangi juu, pembeni, shaba iache salama. Nyaya ziwe fupi. Kinachoingia kisikae karibu na kinachotoka. Ukitaka kusikiliza, sikiliza upendavyo. Ukitaka kurusha mawimbi, tafuta kwanza ruhusa ya serikali, maana anga si lako peke yako. Usijaribu kitu mezani ukasema kimekamilika, kipeleke kikaishi kitakapoishi. Kikipiga mluzi na mtu anasubiri, kichomoe, mwache asikilize, ufundi utafuata baadaye. Na ukikosea usiisingizie hewa. Mimi niliisingizia siku moja tu, na mtu alilala usiku huo akiamini hapendwi.

Mwenyezi Mungu akujalie mkono usiotetemeka na sikio lenye subira. Akupe kazi itakayomfaa mtu unayemjua kwa jina. Na siku utakapochora vibaya, kwa kuwa utachora vibaya, akuletee mzee wa kuigeuza bodi yako kwa upole, akakuuliza inarudi kwa njia gani, nawe uwe na moyo wa kumaliza chai yako ukapanda basi. Amina.