Dakika za Kimya

Mtaa mzima unamwita Kimya, na jina hilo ni uongo mtupu. Fundi huyu wa makochi ni kiziwi tangu utotoni, hilo ni kweli. Lakini kimya? Nani, yeye? Akianza kuongea kwa mikono, hata nzi hutafuta pa kujificha. Atakueleza springi iliyokatika, atakueleza mbao iliyoliwa na mchwa, kisha atamwigiza mwenye kochi anavyokaa kwa kuegemea upande mmoja, na mwenye kochi mwenyewe yuko palepale mlangoni anatazama. Wako watu wenye masikio mazima ambao maneno yao ya wiki hayafikii ya Kimya ya asubuhi moja.

Karakana yake inatazama barabara. Juu ya meza ya kukatia vitambaa ametundika kioo kilichotoka kwenye kabati bovu, ili akiwa ameinama anapigilia misumari amwone anayeingia kwa nyuma. Simu yake hailii, huwaka taa. Mwenye haraka naye hukanyaga ubao wa sakafu kwa nguvu, Kimya akahisi mtikisiko miguuni na kugeuka.

Simu hiyo ndiyo yenye kisa. Kila bando alilonunua lilikuja na dakika za kupiga simu. Nunua la wiki, chukua dakika. Nunua la mwezi, chukua dakika lukuki. Dakika za nini kwa kiziwi? Ni sawasawa na kumzawadia kipara kitana. Zilirundikana tu humo ndani, na majirani hawakuchelewa kugundua. Dobi wa mlango wa pili ndiye aliyezidi. Kila akikosa salio, huyo anakanyaga ubao: "Fundi, naomba dakika zako kidogo." Kimya alimpa simu, akabaki kumtazama midomo, akijaribu kukisia ni nani anayesengenywa leo.

Kile alichokihitaji mwenyewe, yaani data ya video, kiliisha kabla haja haijaisha. Na kwa Kimya video si anasa. Mwenye masikio akikosa picha atapiga simu ya kawaida, maisha yakaendelea. Kimya akikosa picha amekosa kila kitu.

Binti yake wa pekee, kiziwi kama yeye, ameolewa na kiziwi mwenzake katika mji wa mbali, ambako mume ana kazi ya kiwandani. Wamejaliwa mtoto wa kike ambaye naye hasikii. Bibi yake, mke wa Kimya, humwita mke mwenza, maana tangu mtoto huyo azaliwe Kimya hana macho ya kumtazama mwingine. Safari ya kwenda kumwona ilikuwa ndefu, na kila ikipangwa huzuka mteja mwenye kochi la haraka. Basi walionana kwenye simu. Mtoto alikuwa ameanza kuongea kwa vidole: maziwa, paka, sitaki. Hasa sitaki.

Kila jioni kabla ya chakula, babu alimsimulia hadithi ya mbuzi aliyelala kwenye kochi la simba. Aliitunga mwenyewe, na hilo halifichiki. Mbuzi anapita, anaona mlango wazi, anaingia. Anaona kochi. Hapo hadithi inatulia, kochi lielezwe: sponji yake ilivyo nene, kitambaa kilivyovutwa bila kukunjamana, vifungo vilivyoshonwa mgongoni. Mbuzi anapanda, anarukaruka, anajinyoosha, usingizi unampitia. Huku nje simba anarudi nyumbani. Anapanda ngazi. Anashika kitasa cha mlango. Na hapo, kila siku, bando linaisha. Mkono wa Kimya unaganda hewani kwenye simu ya binti yake, na kitasa hakijazungushwa.

"Si ufupishe?" mke wake alimwambia. Mama huyu anasikia, na lugha ya alama alijifunza tangu enzi za uchumba. "Liruke hilo kochi."

"Nilirukeje? Mbuzi alale wapi, kichwani kwako?"

Kuanzia katikati nako kulishindikana. Mtoto akianziwa mlangoni kwa simba hukunja uso na kusema sitaki. Anamtaka mbuzi tangu anapita njiani.

Siku moja binti akatuma ujumbe wa maandishi. "Baba, leo mjukuu wako kamsimulia mwanasesere wake hadithi ya mbuzi. Amefika kwenye kitasa, kainua mkono, kaganda tuli. Nikamuuliza, halafu? Akaniambia imeisha. Nimecheka mpaka machozi. Anadhani hadithi huishia hivyo."

Kimya alicheka. Akampelekea mkewe simu, naye akacheka. Kisha akarudi kazini, akatia misumari mdomoni, akashika nyundo, akasita. Akaitema misumari kiganjani na kukaa juu ya kochi la mteja ambalo lilikuwa bado mbao tupu. Ilimuuma, na uchungu wenyewe ulikuwa huu: mtoto alikuwa akijifunza lugha kutoka kwake, na katika maneno aliyoyaokota lilikuwemo moja ambalo babu hakumfundisha. Mkono ule ulioganda lilikuwa neno la kampuni ya simu.

Kesho yake akaenda dukani kwa mama wa vocha, akanunua kifurushi kikubwa cha mwezi kinachoitwa Bila Kikomo. Jioni ya kwanza, kwa furaha ya kutokuwa na kikomo, akalieleza kochi mpaka mtoto akasinzia simba akiwa bado yuko msituni. Jioni zilizofuata vivyo hivyo, maana kila siku aliongeza kitu, mara mito, mara foronya. Mkewe akamwonya. Akaapa kwamba kesho simba ataingia, liwalo na liwe.

Liwalo likawa. Wiki haijaisha, spidi ikaanguka. Picha ilikuja, lakini imevunjika vipandevipande, na mkono wa babu ukawa donge lisilo na vidole. Anayeongea kwa sauti angeweza kuvumilia picha kama hiyo, kwa sababu maneno yangepita. Maneno ya Kimya yako kwenye vidole. Mtoto alilitazama lile donge, akasema sitaki, akaondoka zake.

Kimya alifika dukani amefura. Mama wa vocha, ambaye huongea naye kwa kuandika kwenye vipande vya maboksi, akamwonyesha sehemu ya chini ya tangazo, penye maandishi madogo mithili ya punje za chumvi. Yalisema kwamba mteja akifikisha kiasi fulani, kasi itapunguzwa.

Kimya akachukua kalamu. "Kama kina kikomo, kwa nini kinaitwa Bila Kikomo?"

Mama akaandika chini yake: "Wewe nawe si unaitwa Kimya?"

Akacheka, hata yeye, hasira zote zikamtoka. Ndipo mama akamwonyesha karatasi nyingine iliyobandikwa pembeni ya dirisha. Mamlaka ya mawasiliano ilikuwa inakusanya maoni ya wananchi. Je, serikali iweke kanuni juu ya vikomo vya data, au mambo hayo yaachwe kwa makampuni na wateja wao? Mwenye neno afike ukumbini.

Dobi alipopata habari akaja na wasiwasi wake. "Shemeji, mwambie mzee asijisumbue," alimwambia mke wa Kimya. "Serikali ikitia mkono pale, hata hiki kidogo kitapanda bei. Waache washindane wenyewe, ndivyo bei inavyoshuka."

Kimya alipotafsiriwa hayo alijibu kwa mikono yote miwili, kwa mabega, kwa nyusi, akaenda mpaka mlangoni akarudi. Mkewe akamgeukia dobi. "Anasema hapana."

Hapa lazima mama huyu asemwe, ingawa ni mtu mwema. Miaka yote ya ndoa yao alikuwa akimkalimani mumewe kwa kumpunguza. Kimya akimwaga gunia, mama anapitisha kijiko. Naye alikuwa kampuni kwa namna yake.

"Yote yale umeyafanya neno moja?" Kimya akamuuliza.

"Mengine yalikuwa matusi."

"Ukumbini utasema yote. Na kochi pia."

 Mama aliuona uso wake, akajua hapa hakuna mzaha. "Yote," akakubali. "Na kochi pia."

Ukumbi ulijaa. Ofisa wa makampuni ndiye aliyetangulia, kijana aliyevaa tai, akaeleza gharama za minara na mitambo. Alisema wako wachache wanaopakua mafilamu usiku na mchana, na wasipowekewa mpaka watawabana wote. Vikomo vikifutwa, bei itampandia kila mtu, mwenye kutumia na asiyetumia. Hakusema uongo, na Kimya alipotafsiriwa alitikisa kichwa kukubali. Yeye pia hununua sponji, anajua kitu kizuri hakitoki hewani.

Kila msemaji alipewa dakika tatu, na kengele ndiyo iliyomkalisha. Kimya akasimama, mkewe ubavuni, akaanza: mbuzi alikuwa anapita njiani. Mwenyekiti akatazamana na wenzake. Mama akatafsiri kila kitu, mashavu yakipata moto, kuanzia sponji hadi vifungo vya mgongoni. Watu wakaanza kucheka, kisha wakaanza kufuatilia. Mbuzi akalala. Simba akarudi, akapanda ngazi, akashika kitasa.

Kimya akaganda.

Mkono juu, macho wazi, bila hata kupepesa. Mama naye akafunga mdomo. Ukumbi ukangoja. Feni ikazunguka.

"Endelea, mzee," akasema mwenyekiti.

Hakuna kilichotikisika.

"Halafu simba akafanyaje?" sauti ikauliza kutoka viti vya nyuma. Yule kijana mwenye tai naye alikuwa amesogea ukingoni mwa kiti.

"Bando limeisha," akasema mama.

Kicheko kilichopasuka hapo Kimya alikiona, kwa maana midomo yote ilifunguka kwa pamoja. Akashusha mkono, akangoja watulie. Kisha akawaeleza habari za mjukuu na mwanasesere wake, na mama akazitamka neno kwa neno. Safari hii hakuna aliyecheka.

Kengele ikalia. Kimya hakuisikia. Mama aliisikia vizuri kabisa, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao akajifanya kiziwi.

"Sijaja kuomba cha bure," alitafsiri. "Kila mwezi nauziwa dakika za kuongea ambazo siwezi kuzitumia mpaka kufa kwangu. Wazichukue, wanipe data ya thamani ileile. Na kitu chenye kikomo kisiitwe hakina. Kama kikomo ni lazima kiwepo, basi kinibishie hodi kabla hakijafika, nimuage mtoto kama watu wanavyoagana. Haya mambo tumeyaomba madukani, tukaambiwa ndio utaratibu. Utaratibu wa mwenye duka anauvunja nani, kama si serikali?"

Kengele ililia tena, kwa aibu kidogo. Walipokuwa wanatoka, mwenyekiti akawafuata mpaka mlangoni. "Mama, samahani. Huyo simba?"

Kimya akajibu, na mama hakupunguza kitu. "Anasema wa kwanza kujua ni mjukuu wake. Wewe panga foleni."

Mvua zilikuja zikaenda, na Kimya alikwisha kukata tamaa pale kanuni zilipotoka. Vikomo havikufutwa. Makampuni yaliachiwa kuviweka, na kwa wengi bando linaisha hadi leo. Lakini kifurushi chenye kikomo hakiruhusiwi tena kujiita hakina. Mteja anapewa taarifa mapema kabla ya kukatwa au kupunguziwa kasi. Na kiziwi akijiandikisha, dakika zake zote zinageuzwa data. Kimya aliusoma ujumbe wa simu wenye habari hizo karakanani mara mbili, akakanyaga ubao mwenyewe kwa miguu miwili. Aliyesikitika mtaani alikuwa dobi peke yake.

Jioni hiyo simu iliegemezwa kwenye kopo la gundi. Upande wa pili mtoto alikaa katikati ya kochi la kwao, miguu haifiki sakafuni, mwanasesere mapajani. Mbuzi akapita njiani. Akaliona kochi, na kochi likaelezwa lote. Simba akapanda ngazi. Babu alipoinua mkono kushika kitasa, mtoto naye akainua wake, akaganda, kama ilivyo desturi. Imeisha.

Kimya akazungusha kitasa.

Mtoto hakushusha mkono. Macho tu ndiyo yaliyotembea. Mlango ukafunguka. Simba akaingia, akasimama, akamwona mbuzi. Akafungua kinywa chote, meno juu, meno chini. Mke wa Kimya, aliyekuwa nyuma yake na sahani mkononi, akasahau kuiweka mezani, maana hata yeye hakuwahi kufika hapa.

Kisha simba akafunga kinywa. "Nimechoka sana leo," akamwambia mbuzi. "Sogea kidogo."

Mkono mdogo ukashuka taratibu. Mtoto akamtazama mama yake, ambaye hakuonekana kwenye picha, kama anayeuliza hivi inaruhusiwa. Akamrudia babu. Babu alikuwa bado yupo, anatikisika kwa kicheko, machozi yanamshuka, vidole vyote kumi vinaonekana.

Mtoto akajivuta hadi pembeni mwa kochi, akamvuta na mwanasesere. Halafu akapigapiga kwa kiganja ile nafasi iliyobaki wazi, akimtazama babu yake.