Bibi Tekla na Mgonjwa wa Kitanda cha Saba

Usiku ule nilikuwa zamu wodi ya wanaume, kwa hiyo ndoto ninayoisimulia ilinijia mchana uliofuata, nimejitupa na viatu kwenye kitanda cha chumba cha madaktari. Nililala na hasira. Mablanketi matatu yalikuwa yamepotea wodini wiki hiyo, na mimi nilijiona nimeshamjua mwizi.

Mzee Komba, kitanda cha saba, alikuwa amelazwa kwa mara ya tatu. Tumbo linauma, anasema. Picha safi, damu safi. Hana ndugu anayekuja kumwona. Kila nikitaka kumpima anang'ang'ania shuka kwa mikono miwili.

"Ni hapa juu tu, daktari. Huku chini hakuna shida."

Muuguzi wetu, dada Rehema, alinivuta pembeni. "Huyo kaficha kitu. Na anafuata uji wetu, hana lolote."

Nikamwandikia ruhusa, aondoke saa kumi jioni. Kisha nikasinzia.

Nikajiona niko nyumbani Songea. Nyumba yetu ilikuwa jirani na hospitali, na bibi yangu, Bibi Tekla, alikuwa ametenga chumba kizima kwa watu waliotoka vijijini kuuguza ndugu zao. Walilala bure, wakala tulichokula sisi. Jioni alisali rozari, na Waislamu waliokuwepo walikaa naye kimya mpaka amalize. Udaktari niliutamani nikiwa msichana mdogo, ndani ya chumba kile. Nilichoka kuwaona watu wakirudi kutoka wodini wanalia, na mimi sina cha kuwapa zaidi ya ndoo ya maji ya moto.

Sasa Bibi amekaa mlangoni, anachambua maharage. Amevaa kitenge kile kile tulichomzika nacho. Nasimama mbali naye. Simwamini.

"Karibu, daktari," anasema.

Bibi alikufa nikiwa kidato cha pili. Huyu amejuaje? Ninamshika kifundo cha mkono natafuta mapigo, kama ninavyofanya kazini. Mapigo hayapo, lakini mkono una joto. Ananiacha nimpime nitakavyo, macho yako kwenye maharage.

Mara maharage hayapo tena. Tumo ndani ya chumba cha wageni, ila kimekuwa kirefu kama wodi, na watu wamelala kwenye mikeka ukuta hadi ukuta, wote wamejifunika mpaka kiunoni. Napita katikati yao nikiwakagua. Nina hakika mmoja wao analo blanketi langu. Nainama nichungulie, Bibi ananishika bega.

"Unatafuta nini?"

"Vitu vya hospitali, Bibi. Humu kuna mwizi."

Ananionyesha mzee aliyelala miguuni petu. "Huyu umemshika tumbo?"

"Vipimo vyake vyote ni safi."

"Nimekuuliza, umemshika?"

Nikahisi ananitega. Nikamjibu kwa ukali ambao sikuwahi kuutumia kwake alipokuwa hai. "Mbona hata wewe waliwahi kukuibia? Yule mgeni aliyeondoka na redio ya babu umemsahau?"

"Sijamsahau. Na kesho yake nilifungua mlango tena." Anainama, anamfunika vizuri yule aliyelala miguuni petu. "Usimwulize ameficha nini, mama. Mwulize anaona haya ya nini."

Nikaamka. Saa tisa na nusu. Shingo inauma, viatu bado miguuni. Nikajiambia ni uchovu tu, ndoto za mtu aliyekesha. Hata hivyo nikajikuta natembea haraka kuelekea wodini.

Mzee Komba alikuwa ameshavaa nguo zake, amekaa ukingoni mwa kitanda, jasho linamtiririka. Nikavuta pazia, nikamwomba Rehema atuache.

"Baba, kuna kitu unaona haya kunionyesha?"

Alilitazama pazia kama limefungwa. Halafu machozi yakamtoka. "Wewe ni sawa na mjukuu wangu. Ningeanzaje?"

Nikamwita Issa, daktari mwenzangu wa kiume, nikasimama nje ya pazia. Akatoka uso umembadilika. Ilikuwa ngiri ya kinenani, kubwa kama ngumi, ngumu, imevimba. Utumbo ulikuwa umeshuka na kunaswa. Kabla giza halijaingia mzee alikuwa chumba cha upasuaji, na daktari aliyempasua aliniambia kwamba angelala nyumbani usiku huo, utumbo ungeoza.

Yale mablanketi yalikutwa wodi ya wazazi. Dobi alikosea kuyagawa.

Mpaka leo sijui kama aliyekuja alikuwa Bibi, au ni nafsi yangu iliyovaa kitenge chake ili niisikilize. Bado namshuku yule wa ndotoni. Lakini tangu siku ile siandiki ruhusa ya mtu ambaye sijamgusa kwa mkono wangu au wa mwenzangu.

Siku ya tatu baada ya upasuaji nilimkuta mzee amekaa, anakunywa uji. Nikamwamkia, kisha nikajikaza nikamwambia ukweli: nilikuwa nimemdhania mwizi.

"Nilijua," akasema. "Kila asubuhi ulikuwa unanipa shikamoo huku unatazama godoro."

Nikavuta kiti nikakaa, na kwa mara ya kwanza nikamwuliza kwao ni wapi.