Meza Niliyofanya kwa Mikono Yangu

Haya yalinipata juzi, na nitayasema mi mwenyewe, kabla bengine hawajayatia chumvi. Masomo sina, lakini atelie yangu ya useremala nilijijengea bila kuomba mutu.

Biro ya zone yetu, hapa Kolwezi, ilitaka kununua meza. Sheria ilikuwa wazi: kila mwenye kushindana alete meza moja ya atelie yake, komisyo iiangalie mbele ya batu bote. Kwangu tunajua bitanda na milango tu. Lakini mafundi bangu balikosa kazi musimu muzima wa mvua. Basi nikanunua meza nzuri kwa soko ya Manika, nikaipaka verni mupya, nikavaa abakosti, suti ya bakubwa.

Mbele ya komisyo nilisema sana. Nilieleza vile nilichagua mbao mwenyewe, vile nilipiga randa mpaka mikono ikavimba. Mushindani wangu, Tata Kabeya, fundi muzee, alinisikiliza kwa heshima.

"Sitwayen, fungua tirware, droo ya meza," prezida wa komisyo akaniambia, vile kila mwananchi anaitwa siku hizi.

Nikavuta. Ikakataa. Nikavuta kwa nguvu, meza nzima ikanifuata.

"Ni mupya," nikasema. "Iko na haya mbele ya bakubwa."

Tata Kabeya akakohoa kidogo.

"Sitwayen, inua kwanza, kisha uvute. Niliifanya vile juu batoto ba nyumba basifungue."

Nikainua, nikavuta. Ikafunguka vizuri kabisa.

Prezida akaniangalia.

"Na yako, Sitwayen, iko wapi?"