Chumvi Niliyomwongezea Mama Nabwire

Mwanangu, kuna siku hunirudia hata mchana nikiwa nimekaa tu namenya ndizi. Naona mvuke wa kunde umejaa jikoni kule Mundika, na mimi ni mke mgeni, mwaka wangu wa kwanza kwa kina mume wangu Barasa.

Mama mkwe wangu, Nabwire, alikuwa na presha. Nesi Anyango wa zahanati aliniita kando akaniambia nipunguze chumvi. Tena kunde nisichemshe nikamwaga maji, vile tulizoea, kwa sababu nguvu yake huenda na yale maji. Nimpe pia maharagwe, viazi vitamu, ndizi. Nikafanya hivyo, na kichwa kikaacha kumgonga mama.

Ndipo Ouma, shemeji yangu wa Nambale, akaja kula. Akachovya ugali, akaacha kutafuna.

"Bibi ya Barasa, chumvi uliacha kwenu? Ama unataka mama akonde ndio ubaki na jiko?"

Wakacheka wote. Hata mimi nilicheka, mwanangu, lakini kwetu mkamwana akimpa mama mkwe mboga chapwa, watu husema anamfukuza. Kuanzia siku hiyo nikawa natia chumvi bila kupima, na maji ya kunde namwaga nyuma ya nyumba. Mama alikula.

Asubuhi moja tulikuwa tunachagua maharagwe. Yakaanza kumponyoka moja moja, naye anayatazama tu kama ni ya mtu mwingine. Mdomo ukaenda upande, tukamkimbiza zahanati.

"Umekuwa ukimpikia aje?" Nesi Anyango aliniuliza. Nikamwambia ukweli. Hakunigombeza. Alisema presha imepanda sana hadi kiharusi kikampata, tungoje kama ulimi na mkono vitarudi.

Tukangoja siku nyingi. Ulimi uliporudi, mama aliniita karibu.

"Ile chumvi niliisikia. Nikanyamaza usiaibike. Wewe unaogopa Ouma, mimi naogopa aibu yako. Sasa nani alikuwa anaogopa presha?"

Mkono wake wa kushoto haukurudi. Nilimlisha miaka yote iliyobaki, kunde na maji yake, na Ouma akija nilimwekea chumvi kando ajitilie.

Siku hizi kliniki wananiambia ile nguvu ya kunde inaitwa potasiamu. Sikusoma sana, lakini jina sisahau. Husaidia mwili kutoa chumvi kwa mkojo, na mishipa ya damu ikalegea. Nawe, mwanangu, ndizi unawauzia madereva wa malori hapo Malaba, halafu wewe unakula chipsi za chumvi! Kula mboga, kula maharagwe, chumvi iwe kidogo. Mwenye shida ya figo au anayemeza dawa za presha aulize daktari kwanza, maana kwake potasiamu ikizidi ni hatari. Na chakula cha mgonjwa usikibadilishe kwa sababu mgeni amecheka.

Mungu akutunze, damu yako itembee pole pole, uzeeke uwaone vitukuu wako na uwaite wote kwa majina.